Chungu cha Wodi ya Watoto

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo, tutavifungua baadaye. Nataka kuwaeleza habari za baba mmoja na kapu lake. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kutazamana mkijiuliza ni nani kati yetu.

Kulikuwa na mkulima mmoja wa chai kule milimani, mtu wa kazi, maneno yake machache. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Ambokile, na nyuma yake kulikuwa na wasichana wawili, mmoja akiwa bado ananyonya. Kijiji kizima kilimwita Baba Ambokile, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Ambokile alikuwa darasa la saba. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita baba ofisini akamwambia kwamba mtoto huyu, akitulia, atafika mbali. Neno hilo baba alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Tangu siku ile Ambokile hakutumwa tena kuchuma chai. Wadogo zake wakimfuata wacheze, baba alisema, "Mwacheni kaka yenu, anasoma."

Sasa, msimu wa maparachichi ulipofika, Ambokile alipanda mti uliolowa mvua, akateleza, akaanguka. Mfupa wa paja ukavunjika. Walimbeba kwa machela ya kijiji mpaka barabarani, na jioni ile akalazwa kwenye hospitali ya misheni, ng'ambo ya bonde, wodi ya watoto. Mguu ukafungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya chuma cha kitanda, uzito ukaning'inizwa mwisho wake. Daktari akasema atalala hivyo kwa wiki nyingi.

Niwaeleze wodi ile ilivyokuwa, maana hapo ndipo penye mambo. Kilikuwa chumba kimoja kirefu, na ndani yake watoto wa kila umri, kuanzia wa miaka minne mpaka wa miaka kumi na minne, wote wa mifupa. Mnajua mgonjwa wa mifupa alivyo? Kichwa kizima, mdomo mzima, tumbo linadai kama kawaida. Ni mguu tu ndio haumtii. Weka watoto wa namna hiyo pamoja miezi miwili, bila shule na bila mwalimu, uone watakachokifanya.

Hawa walipika. Hospitali ilitoa uji asubuhi na ugali na maharage mchana, na chakula cha jioni kila mtu alitegemea ndugu zake. Msichana mkubwa kuliko wote, Tusekile, alikuwa amelazwa kwa ajili ya nyonga, na mama yake alikaa naye pale. Mama huyo alikuwa na sufuria moja kubwa nyeusi, nao wakaiita chungu. Kila jioni aliinjika chungu kwenye varanda, na watoto ndio walioandaa. Waliokuwa na mikono mizima walimenya ndizi. Aliyeshindwa kuinuka alimenya karanga akiwa amelala chali. Mdogo wa miaka minne alipewa ungo achague mawe kwenye maharage, na hakuna aliyemcheka alipotoa haragwe akaacha jiwe, alionyeshwa tu upya. Mchana walisuka kamba za nyuzi za mgomba, walifinyanga udongo, walishona mipira ya matambara. Aliyejifunza leo alimfundisha aliyeletwa kesho. Hakuna aliyewapangia hivyo. Ilianza tu, ikaendelea.

Jumapili ya kwanza Baba Ambokile akaja na kapu. Alikuwa amelijaza ndizi, viazi vitamu, karanga na mayai ya kuchemsha. Akakuta nini? Mwanawe wa darasa la saba ana tope mpaka kwenye viwiko, mtoto mdogo amemkalia kitandani, na wodi nzima inaimba.

"Kitabu kiko wapi?" akauliza.

"Kiko chini ya mto, baba."

Baba akaweka kapu chini, akaenda kumtafuta muuguzi wa zamu, mama mmoja wa makamo, Sista Tuntufye.

"Sista, mwanangu ana mtihani. Hapa atasoma saa ngapi? Mhamishieni kwa watu wazima."

"Kule hatulazi watoto, Baba Ambokile," muuguzi akasema. "Ila kuna kona pale mwisho yenye pazia. Huwa tunaitumia kwa mgonjwa asiyetakiwa kusumbuliwa."

"Basi hiyo inatosha."

Sista Tuntufye alimtazama kidogo, kama mtu mwenye neno, halafu akasema, "Sawa. Wewe ndiye mzazi."

Kitanda kikasukumwa mpaka kwenye kona, kamba na uzito wake. Pazia baba alilivuta mwenyewe. Kabla ya kuondoka aliinama karibu na sikio la mwanawe akasema, "Chakula hiki ni chako. Usigawe. Hawa wana wazazi wao, na wewe unahitaji nguvu za kusoma."

"Ndiyo, baba."

Nawauliza, wapendwa, huyu alikuwa baba mbaya? Alitoka kwake alfajiri, akapanda na kushuka milima na kapu kichwani kwa ajili ya mtoto wake. Ni nani hapa ndani hajawahi kumwambia mwanawe, kile ni chako, kula wewe? Mimi nimewahi. Hapana, hakuwa mbaya. Alikuwa anapenda, ila upendo wake ulikuwa na pazia.

Zikapita Jumapili kadhaa. Kila alipokuja alikuta ndizi za wiki iliyopita zimekuwa nyeusi kapuni, na kitabu kimefunguliwa ukurasa uleule. Mtoto alikuwa anakonda. Alijibu akiulizwa, basi. Upande wa pili wa pazia watoto walicheka, naye uso wake ukawa kwenye ukuta.

Ikafika siku ya kufungua kamba. Daktari akapima, akasema mfupa umeunga vizuri, akamletea magongo. Ambokile akasimama mara moja, mguu ukatetemeka, akalia mbele ya watu, akarudi kitandani. Hakutaka tena. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, akageuziwa mgongo. Akaja tena, akageuziwa mgongo. Jumapili ile daktari akamwita baba pembeni.

"Mfupa umepona," akamwambia. "Lakini asipotembea sasa, goti litakauka. Huenda asiukunje mguu ule maisha yake yote."

Baba akarudi nyuma ya pazia. Kwanza akambembeleza. Halafu akamkemea. Halafu, kwa hofu, akamshika mkono amvute, na mtoto akang'ang'ania chuma cha kitanda mpaka vidole vikawa vyeupe. Baba akamwachia. Siku ile alipofika nyumbani alikaa nje ya mlango na viatu vyake miguuni, mkewe akimwita ndani na yeye hasikii. Alikuwa anawaza mtoto atakayefika mbali. Atafika kwa mguu upi?

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa sababu tu lazima aende. Akaingia wodini, akatupa macho kwenye kona. Pazia halipo. Kitanda kitupu. Mtoto mmoja aliyekuwa na plasta kuanzia kiunoni, amelala na bakuli la karanga juu ya kifua, akamwona, akasema, "Shikamoo baba. Yuko nje."

Baba akatoka varandani, akajibanza nyuma ya nguzo.

Ambokile alikuwa kwenye magongo, jasho linamtoka. Mbele yake kulikuwa na msichana wa miaka sita hivi, meno ya mbele hana, naye yuko kwenye magongo yake madogo. Alikuwa anatembea kinyumenyume ili wawe wanatazamana.

"Usiangalie mguu, kaka. Niangalie mimi," msichana akasema. "Magongo kwanza. Halafu mguu mbovu. Halafu mzima. Tena."

Ambokile akayumba, akaegemea ukuta.

"Hapohapo na mimi nilianguka," akasema msichana, kama mtu anayeonyesha duka lilipo. "Twende."

Baba hakutoka nyuma ya nguzo mpaka walipofika mwisho wa varanda na kurudi. Alifurahi sana. Nisiwafiche, palikuwa na kitu kingine pia kilichomchoma kidogo: kwamba mwanawe mwenye akili alikuwa anaamrishwa na mtoto ambaye hajaanza hata shule.

Walipokaa wawili akamuuliza, "Yule ni nani?"

"Ni Subilaga, baba. Alizaliwa miguu imepinda, wamempasua mara nyingi. Alipita chini ya pazia."

"Akakwambia utembee?"

"Hapana. Alijiangusha sakafuni. Akainuka, akajiangusha tena. Akaniambia nikijua kuanguka sitaogopa kusimama. Basi alinifundisha kuanguka kwanza, kwenye godoro."

Baba akatazama kwenye kona iliyokuwa wazi. Akauliza, "Na pazia?"

"Sista alilitoa likafuliwe. Tusekile akalitandika chini tukae wakati wa kusuka. Sasa ndiyo mkeka wetu."

"Na kusoma?"

"Nasoma, baba. Subilaga namfundisha kuandika jina lake kwa mkaa. Na wakubwa tunafanya hesabu za sehemu. Zamani nilikuwa nakariri tu. Sasa nikiwaonyesha wenzangu kwa..." Hapo akasita. "Kwa vitu vilivyopo, naelewa."

"Na chakula, unakula?"

"Kinaisha chote, baba."

Baba akachungulia kapuni, na kweli, hapakuwa na hata ganda. Aliporudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mtoto amepata hamu ya kula, na Jumapili iliyofuata akaongeza ndizi na mayai mpaka kapu likamuuma shingo. Aliimba njiani. Mkewe alishangaa, maana huyu hakuwa mtu wa kuimba.

Ikafika siku ya kuruhusiwa. Goti linakunja, mguu unakanyaga. Baba akachagua jogoo mzuri kuliko wote bandani, akamfunga miguu, akaja naye kwa ajili ya Sista Tuntufye. Alimkuta akikunja mashuka.

"Sista, sina maneno. Pokea huyu. Umeniponyea mtoto."

Muuguzi akamtazama jogoo, akatabasamu, hakumpokea. "Mimi nilitandika kitanda tu, Baba Ambokile. Mfupa aliuunga Mungu, daktari akasaidia. Na aliyemfundisha mwanao kutembea unamjua."

"Yule mdogo."

"Huyo."

Baba akafikiri, akaona ni haki. "Basi wazazi wake huja lini? Nitawapa wao. Ni vizuri wajue mtoto wao amefanya kitu gani."

"Hana wa kuja," muuguzi akasema. "Wazazi walishatangulia. Ana bibi, yuko mbali sana, na miguu ya bibi nayo haiwezi milima hii. Tangu aletwe hajapata mgeni."

"Sasa jioni anakula nini?"

Sista Tuntufye akaacha kukunja shuka. "Anakula cha kwako," akasema. "Nilidhani unajua. Mwanao alipoanza kutembea alikokota kapu lote mpaka kwenye chungu. Na kikishaiva, Subilaga ndiye anayeombea chakula, kwa sababu wamekubaliana mdogo ndiye aombe. Nasikia kila jioni nikiwa zamu. Anasema, Mungu, asante kwa baba yake Ambokile anayetuletea chakula. Mlinde huko milimani asiteleze."

Wapendwa, yule baba alisimama na jogoo wake mkononi, asijue pa kumweka. Kila jioni, wakati yeye amekaa kwake anakunywa chai, mtoto asiye na mtu alikuwa anamshukuru mbele za Mungu kwa wema aliokuwa ameukataza. Neno lake lilikuwa "usigawe". Juu mbinguni ilikuwa inasikika "asante".

Alitoka, akamkuta Ambokile anafunga virago.

"Mwanangu. Nilikwambia usigawe."

Ambokile akainamisha kichwa. "Sikugawa, baba," akasema polepole. "Kwenye chungu hakuna anayegawa. Kila mtu anaweka."

Baba akakaa kitandani. Akamvuta mwanawe, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na jogoo akaachiwa sakafuni. Mnaweza kubashiri jogoo yule aliishia wapi jioni ile. Waliondoka kesho yake, maana chakula cha namna ile hakiachwi, na mtoto hakukubali kwenda bila kuwaaga wenzake mmoja mmoja.

Jumapili iliyofuata Sista Tuntufye akainua macho akaona mtu mlangoni na kapu kichwani.

"Baba Ambokile, umesahau? Mwanao tulimruhusu."

"Sijasahau," akajibu. "Nimekuja kuwaona watoto."

Akakaa kwenye lile pazia lililokuwa mkeka, akapewa kisu na ndizi mbichi. Yeye tangu azaliwe hajawahi kumenya ndizi, kwao hiyo si kazi ya wanaume. Utomvu ukamganda vidoleni. Subilaga akamtazama kwa muda, akamsogezea kikopo cha mafuta.

"Paka kwanza, baba," akamwambia. "Hata mimi sikujua."

Alikuja hivyo msimu mzima. Safari nyingine alikuja na mkewe na wale wasichana wawili, na Ambokile alipokuja alikwenda moja kwa moja kwa mtoto mpya aliyelia kuliko wote. Mtihani? Najua mnataka kujua. Alifaulu. Na yule bibi alipata mtu wa kumleta, akamchukua mjukuu wake anayetembea. Baba Ambokile alikuwepo siku hiyo. Bibi alipomshika mikono akitaka kumshukuru, yeye akamzuia, akasema, "Usinishukuru, mama. Mimi nimeshashukuriwa kabla sijafanya kitu. Hapa ninalipa polepole." Halafu akambeba Subilaga mgongoni mpaka barabarani, si kwa sababu hawezi kutembea, ila aliomba.

Sasa nageukia kwetu sisi.

Tunawapenda watoto wetu. Hilo silitilii shaka, nawaona mnavyowaleta hapa wamechanwa nywele, viatu vinang'aa. Lakini tunawapendaje? Wakubwa tumewaweka kule, wadogo kule, wa fulani wasikae na wa fulani, mwenye akili asipotezewe muda na asiye nayo. Tunataka wasome upendo kwenye kitabu, kila mmoja kwenye kona yake, na tunashangaa kitabu hakigeuki ukurasa. Mtoto atajifunzaje kumvumilia mdogo kama hajawahi kumwonyesha mara ya tano jiwe ni lipi na haragwe ni lipi? Atajuaje kuinuka, kama hakuna mwenzake aliyewahi kuanguka mbele yake akamwambia, hata mimi?

Na hebu tuulizane jambo lingine, la moyoni zaidi. Mtoto wako anajua kuogelea, anajua kufunga kamba za viatu, anajua nyimbo, aliacha kuogopa mbwa, aliacha kigugumizi. Ni wewe uliyemfundisha hayo yote? Wengine tuseme kweli. Yuko mtoto wa mtu, mahali fulani, pengine mdogo kuliko wako, pengine ambaye ukipita kwao husalimii, alipita chini ya pazia akamfundisha wako. Umewahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake? Jina lake unalijua?

Leo sikuja kuwagombeza. Nimekuja na shukrani. Nikiwatazama kutoka hapa mbele naona jambo ambalo ninyi mliokaa hamlioni: watoto wa usharika huu wanalindana. Jumamosi iliyopita niliwakuta nyuma ya kanisa wanajenga banda la sungura, wa miaka mitano anashika msumari, wa miaka kumi na tatu anapiga nyundo, na kidole hakikugongwa. Ambaye baba yake ana gari na ambaye baba yake hatumjui walikuwa wanakanyaga tope moja. Hakuna aliyewapangia. Mungu anatufanyia wema ambao sisi wakubwa tungeuzuia kama tungeujua mapema. Asifiwe kwa kutotungoja.

Basi kuanzia Jumapili ijayo, baada ya ibada, watoto wote watakuwa pamoja ukumbini, na kutakuwa na kazi ya mikono, na sufuria itakuwa jikoni. Unayetaka kuleta, lete. Usiandike jina la mwanao juu ya chombo.

Tusimame tuombe. Lakini kabla hatujafumba macho, geuka umtazame mtoto aliye karibu nawe ambaye si wako. Inama kidogo, usimtishe. Muulize anaitwa nani, halafu tutaanza sala kwa majina hayo. Chukueni muda wenu. Nitawasubiri.